UZI: Kasri za bonde la mto Loire, jiwe jeupe lililozijenga, na chakula kinachotoka mapangoni

Mwanzisha uzi

Ndugu wanajamvi, nyuzi za safari za Ufaransa haziishi hapa, na karibu zote huanzia kwenye mnara wa Eiffel, zikapita Louvre, zikafika Versailles na kuishia hapo. Sina ugomvi na maeneo hayo. Hata hivyo, kwa mtu anayependa majengo ya kale, kazi za sanaa na meza iliyoandaliwa vizuri, naona sehemu inayostahili kupewa siku nyingi zaidi ni bonde la mto Loire, kusini-magharibi mwa Paris, kati ya Orléans na Angers. Bonde hilo, kuanzia Sully-sur-Loire hadi Chalonnes-sur-Loire, liliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na kasri ya Chambord ilikuwa imekwisha kuingizwa peke yake tangu 1981.

Wageni wengi huzipita kasri hizi mbiombio, tatu au nne kwa siku, na jioni hawawezi kueleza ngazi ipi ilikuwa wapi wala malkia yupi alilala chumba kipi. Mimi napendekeza msafiri aanze na jiwe. Kasri nyingi za bonde hili zimejengwa kwa jiwe jeupe la chokaa liitwalo tuffeau, ambalo lilichimbwa katika vilima vilivyo kandokando ya mto, na mapango yaliyobaki baada ya uchimbaji ndiyo leo ghala za mvinyo, mashamba ya uyoga, na hata nyumba za watu. Kwa hiyo ukuta unaoutazama asubuhi na sahani unayowekewa mezani mchana vimetoka katika kilima kimoja, na anayelifahamu jambo hilo huona mambo ambayo mwenye haraka hayaoni.

Jiwe lenyewe ni mashapo ya bahari iliyofunika eneo hilo takriban miaka milioni 90 iliyopita. Linapotolewa ardhini likiwa na unyevu huwa laini kiasi cha kukatwa kwa msumeno na kuchongwa kwa patasi bila taabu kubwa. Likishakauka hewani hujitengenezea gamba gumu kwa nje. Tabia hiyo ndiyo iliyowawezesha waashi wa karne ya 15 na ya 16 kujaza kuta na dohani kwa majani, maganda ya kome, herufi za majina ya wafalme na wanyama wa nembo zao, mapambo ambayo katika jiwe gumu kama itale yangekula miaka na fedha maradufu. Mto Loire na mito inayoingia humo, yaani Cher, Indre na Vienne, ilikuwa njia ya kusafirishia jiwe hilo kwa mashua bapa. Udhaifu wake ni kwamba hunywa maji, hubanduka na kumomonyoka, na ndiyo sababu mgeni hukuta mara kwa mara ukuta mmoja wa kasri umezungukwa na jukwaa la mafundi. Asinung'unike akikuta hivyo, bali asimame kidogo atazame mawe mapya yanavyopachikwa penye mawe yaliyochakaa, kwa sababu ufundi huo bado unafanywa kwa mkono. Juu ya weupe huo huja paa la sleti, jiwe jeusi lenye rangi ya samawati ambalo kwa karne nyingi lilichimbwa karibu na Angers. Rangi hizo mbili, nyeupe chini na nyeusi juu, ndizo sura ya bonde zima, kwenye kasri za wafalme na kwenye nyumba za walimu wa shule.

Mwanzisha uzi (inaendelea)

Sasa nieleze mpangilio ninaoupendelea, ambao unafuata wakati na hautazami umaarufu.

Kasri ya kwanza iwe Langeais, ingawa mawakala wengi wa utalii hawaitaji kabisa. Ilijengwa kwa amri ya mfalme Louis wa Kumi na Moja kuanzia 1465, na ina nyuso mbili zisizofanana. Upande wa mjini ni ngome kamili: minara minene, madirisha machache, njia ya walinzi juu ya kuta, na daraja la kuinuliwa ambalo hadi leo linafanya kazi. Ukishavuka na kuingia uani ukageuka nyuma, unaona nyumba ya starehe yenye madirisha makubwa na milango iliyochongwa. Katika jengo moja unashuhudia siku ambayo mabwana wa Ufaransa walianza kuacha kuogopa maadui na kuanza kutaka mwanga. Humo ndimo mfalme Charles wa Nane alimwoa Anne wa Brittany tarehe 6 Desemba 1491, ndoa iliyoisogeza Brittany kwenye mamlaka ya wafalme wa Ufaransa. Nyuma ya bustani yamesimama magofu ya mnara wa mawe wa mwishoni mwa karne ya 10, uliojengwa na Foulques Nerra, mtawala wa Anjou. Kwa hiyo mgeni anapata karne tano katika uwanja mmoja.

Baada ya Langeais nenda Amboise. Huyo huyo Charles wa Nane alivamia Italia mwaka 1494, akarudi na mafundi, watunza bustani na hamu ya kuishi kama mabwana wa kule. Hakuishi kufaidi: mwaka 1498 aligonga kichwa kwenye kizingiti cha juu cha mlango hapo hapo Amboise, akafa siku hiyo hiyo. Mtu mwingine aliyefia mjini humo anajulikana zaidi. Leonardo da Vinci alikuja mwaka 1516 kwa mwaliko wa mfalme François wa Kwanza, akapewa nyumba ya matofali iitwayo Clos Lucé, akafariki humo tarehe 2 Mei 1519. Mifupa inayodhaniwa kuwa yake imezikwa katika kanisa dogo la Mtakatifu Hubert ndani ya uwanja wa kasri. Alikuja na picha zake, ikiwemo ile ya Mona Lisa, na ndiyo maana picha ya mwanamke wa Firenze leo ipo Paris. Kwa maoni yangu, anayekwenda kusukumana mbele ya picha hiyo pale Louvre ataielewa vizuri zaidi ikiwa amekwisha kuiona nyumba ambamo mchoraji alimalizia uzee wake. Katika kasri yenyewe usiikose njia ya mteremko iliyo ndani ya mnara mkubwa, ambayo ilijengwa pana kiasi cha kupandwa na farasi kutoka usawa wa mji hadi uani.

Blois ni shule ya usanifu majengo katika ua mmoja. Ukisimama katikati na kuzunguka polepole unaona ukumbi wa karne ya 13, kisha jengo la Louis wa Kumi na Mbili la matofali mekundu na jiwe jeupe, kisha jengo la François wa Kwanza lenye ngazi ya kuzunguka iliyowekwa nje, wazi kwa hewa, ili watu wa baraza la mfalme waweze kutazama na kutazamwa, na hatimaye jengo la mistari iliyonyooka lililosanifiwa na François Mansart kati ya 1635 na 1638. Hilo la mwisho halikumalizika, na sababu yake inachekesha. Mwenye kujenga alikuwa Gaston wa Orléans, ndugu wa mfalme na mrithi wake kwa kuwa mfalme hakuwa na mtoto. Mwaka 1638 mtoto akazaliwa, ambaye ndiye aliyekuja kuwa Louis wa Kumi na Nne, matumaini ya Gaston yakayeyuka pamoja na fedha zake. Orofani, katika vyumba vya mfalme Henri wa Tatu, ndiko alikouawa mtemi wa Guise, mpinzani wa mfalme huyo, tarehe 23 Desemba 1588, na chumba cha malkia Catherine de Médicis kina paneli 237 za mbao zilizochongwa, nyingine zikificha makabati.

Mwanzisha uzi (inaendelea)

Chambord nimeiweka baada ya hizo kwa makusudi, kwa sababu mtu akianza nayo zilizobaki huonekana ndogo. Ujenzi ulianza 1519, mwaka aliofariki Leonardo. Watu wengi husema kwamba ni yeye aliyeichora. Ushahidi wa maandishi haupo, ingawa mawazo yake yanaweza kuwa yalichangia, na tunajua kwamba fundi wa Kiitaliano Domenico da Cortona alitengeneza mfano wa mbao wa jengo hilo. Kiini chake ni ngazi mbili zinazozunguka nguzo moja iliyo tupu ndani, kwa namna ambayo anayepanda na anayeshuka huonana kupitia madirisha madogo bila kukutana kamwe. Mpangilio wa vyumba umefuata msalaba: kumbi nne zinakutana kwenye ngazi, na kila pembe ina nyumba yake kamili.

Nawaomba mnaokwenda msitumie muda wote ndani. Pandeni darini. Huko juu kuna msitu wa dohani, minara midogo na madirisha ya paa, na ukisogea karibu utaona vipande vya sleti nyeusi vilivyokatwa maumbo ya duara na almasi na kupachikwa kwenye jiwe jeupe. Mafundi walikuwa wakiiga marumaru za rangi za Italia, lakini marumaru hawakuwa nayo, wakatumia walichokuwa nacho paani. Kwangu mimi hicho ndicho kitu kizuri kuliko vyote katika Chambord, na wageni wengi hukipa mgongo wakipiga picha za bustani.

Ndani, mgeni hukuta vyumba vingi vitupu na kudhani vimeibiwa samani. Ukweli ni kwamba baraza la mfalme lilikuwa la kuhamahama. Vitanda, mazulia ya ukutani na vyombo vilibebwa kwa mikokoteni kutoka kasri hadi kasri, na mfalme alipoondoka nyumba ilibaki kuta. François wa Kwanza alitawala miaka 32 na inakadiriwa kuwa alilala Chambord siku 72 tu, katika jengo lenye vyumba zaidi ya 400 na mahali pa kuotea moto 282. Ukuta wa hifadhi inayoizunguka una urefu wa kilomita 32. Baadaye mwandishi wa tamthilia Molière aliigiza hapo mbele ya Louis wa Kumi na Nne mwaka 1670, na mwaka 1939 kasri hiyo ikawa maficho ya kazi za sanaa za Louvre zilizokimbizwa vita, Mona Lisa ikiwa miongoni mwao.

Kisha ziko mbili ambazo ni za wanawake kuliko wafalme. Azay-le-Rideau, iliyojengwa kati ya 1518 na 1527 juu ya kisiwa cha mto Indre, ni ndogo na ina ngazi iliyonyooka ya mtindo wa Kiitaliano badala ya ile ya kuzunguka ya Kifaransa. Mwenye kazi alikuwa Gilles Berthelot, mtumishi wa hazina ya mfalme, lakini mkewe, Philippe Lesbahy, ndiye aliyesimamia ujenzi. Chenonceau ina historia kama hiyo: Katherine Briçonnet aliisimamia mumewe akiwa vitani Italia, Henri wa Pili akampa kipenzi chake Diane de Poitiers mwaka 1547, Diane akajenga daraja la kuvuka mto Cher kwa usanifu wa Philibert de l'Orme, mfalme alipofariki mwaka 1559 mjane wake Catherine de Médicis akamtoa Diane na kumpa kasri ya Chaumont badala yake, kisha akajenga ukumbi mrefu juu ya daraja la mshindani wake. Ukumbi huo una urefu wa mita 60, na sakafu yake ni miraba ya tuffeau nyeupe na sleti nyeusi, yaani ukuta na paa la bonde zima vimetandazwa chini ya miguu yako. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia ukumbi huo ulikuwa hospitali ya majeruhi. Katika vita vya pili mto Cher ukawa mpaka kati ya eneo lililokaliwa na Wajerumani na eneo lisilokaliwa, na mlango wa kusini wa ukumbi ulikuwa unafungukia upande wa pili.

Mchangiaji kutoka Mombasa

Ndugu mwanzisha uzi, ahsante kwa darsa. Ulipotaja mafundi wa Kiitaliano nimekumbuka Fort Jesus hapa kwetu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, msanifu wa Milan. Ukiitazama kutoka juu ina umbo la mwili wa mwanadamu aliyelala, kwa sababu wasanifu wa zama zile waliamini kuwa vipimo kamili vinapatikana katika mwili wa binadamu. Inanishangaza kwamba fikra hizo hizo kule Loire ziliwafanya wafungue madirisha na kujenga ngazi za kujionyesha, na huku kwetu zikaja na pembe za kupangia mizinga. Tofauti nadhani ni kwamba kule walikuwa nyumbani kwao, na huku walikuwa wamekuja kuchukua cha watu.

Swali langu ni kuhusu chakula. Sisi tusiokula nguruwe na tusiokunywa mvinyo, tunakula nini huko bila kuwa mzigo kwa mwenyeji?

Mwanzisha uzi

Maneno yako kuhusu Fort Jesus nayakubali yote, na ningependa mwenye ujuzi wa mawe ya matumbawe afungue uzi wake.

Kuhusu chakula, nianze na cha kuepuka. Rillettes, ambayo ni fahari ya Tours, ni nyama ya nguruwe iliyopikwa polepole ndani ya mafuta yake hadi ikachambuka, na huletwa na mkate kabla ya chakula chenyewe. Iko pia ya bata na ya samaki, kwa hiyo uliza kwanza. Mchuzi mweupe wa siagi unaomiminwa juu ya samaki wa mtoni hutengenezwa kwa vitunguu vidogo, siki na mara nyingi mvinyo mweupe. Samaki huyo huyo aliyechomwa na kuletewa ndimu hana tatizo lolote, na Loire ina samaki wazuri. Miji mikubwa kama Tours na Orléans ina mabucha ya halali na mikahawa ya watu wa asili ya Maghreb, yaani Afrika Kaskazini.

Baada ya hapo uwanja ni mpana. Jibini la mbuzi ndilo la kwanza. Eneo hili lina aina kadhaa zenye jina lililolindwa kisheria, na kila moja ina umbo lake: Sainte-Maure de Touraine ni mche mrefu uliopakwa majivu na kupitishwa bua la nafaka katikati ili usivunjike, Valençay ni piramidi iliyokatwa kileleni, Selles-sur-Cher ni kidonge bapa. Bua la Sainte-Maure halisi huchapwa alama ya mtengenezaji, basi livute ulisome. Nunua moja bichi na moja iliyokaa wiki kadhaa, uzile pamoja. Ile ya kwanza ina uchachu wa maziwa ya mgando, ya pili ina ukali wenye ladha ya kokwa. Mwislamu mwenye tahadhari anaweza kuuliza kuhusu kimeng'enya kilichogandisha maziwa, kwani wengi hutumia cha tumbo la ndama.

Sasa turudi kwenye mapango. Karibu na mji wa Saumur kilima kimetobolewa kwa njia nyingi za machimbo ya zamani, na humo joto hukaa karibu nyuzi 12 majira yote. Wakulima wa uyoga waliyaingia mapango hayo tangu mwishoni mwa karne ya 19, na uyoga ule mweupe wa duara ambao dunia nzima inauhusisha na Paris ulistawi humo. Mikahawa ya mapangoni huoka kofia kubwa za uyoga zikiwa zimejazwa jibini la mbuzi, siagi na vitunguu saumu. Huoka pia fouée, mkate mdogo unaotiwa ndani ya tanuri la kuni hadi ukavimba na kuwa na uwazi ndani, nawe unaupasua ukiwa wa moto na kuujaza maharage meupe au jibini. Mtu wa pwani ataikaribisha fouée bila kufundishwa. Kula hivyo ndani ya chumba ambacho ukuta wake una alama za patasi za wachimbaji waliotoa mawe ya makanisa na majumba ni jambo ambalo mkahawa wa Paris hauwezi kukuuzia.

Kijiji cha Rivarennes, karibu na Azay, kina matanuri yaliyojengwa mapangoni kwa ajili ya kukausha peasi. Tunda humenywa, hukaushwa kwa siku kadhaa, kisha hubanwa likawa bapa. Zamani liliuzwa kwa mabaharia kwa sababu halikuharibika safarini. Leo hulowekwa kwenye mvinyo au sharubati, hivyo taja mapema unayotaka. Na kule msitu wa Sologne, katika mji wa Lamotte-Beuvron, akina dada wa familia ya Tatin waliokuwa na hoteli mbele ya stesheni waliufanya mkate wa matofaa yaliyokaangwa kwa sukari na siagi, unaopinduliwa unapotolewa, uwe maarufu Ufaransa nzima. Hadithi kwamba ulitokana na ajali jikoni inapendwa sana, lakini matofaa ya kupindua yalikuwa yakipikwa Sologne kabla yao.

Mchangiaji kutoka Lubumbashi

Ndugu, nimeishi Tours nikiwa mwanafunzi na mengi uliyoyaandika ni kweli, ila umeiruka Angers, na kwa mtu aliyetangaza kuwa anaanza na jiwe hilo ni kosa lisilosameheka. Ngome ya Angers, ya karne ya 13, ina minara 17 ya jiwe jeusi la tabaka, na kati ya mawe hayo meusi waashi walipitisha mikanda ya tuffeau nyeupe. Weusi na weupe unaousifia Chenonceau ulikuwa pale miaka 300 kabla.

Ndani yake kuna zulia la ukutani la Apokalipsi, ambalo kwa maoni yangu ni kazi kubwa ya sanaa kuliko kitu chochote kilichomo katika kasri ulizozitaja. Liliagizwa na Louis wa Kwanza wa Anjou katika miaka ya 1370, likachorwa na Hennequin wa Bruges na kukamilika mwaka 1382. Linasimulia kitabu cha Ufunuo picha kwa picha, na wakati wa kusimulia maangamizi wasanii wametia humo vita, njaa na tauni walivyovifahamu wenyewe, kwa sababu Ufaransa ilikuwa katikati ya vita na Waingereza. Lilidharauliwa baadaye, likakatwa vipande, vingine vikatumika kukinga michungwa na baridi. Katika karne ya 19 vipande vilikusanywa, na leo takriban mita 100 zimetundikwa katika ukumbi wenye mwanga hafifu. Ingia, keti kwenye benchi dakika kumi macho yazoee giza, kisha anza kutembea.

Kwa wanajamvi wa Kongo, Burundi na Rwanda wanaojua Kifaransa, mnayo faida kubwa: semeni «bonjour» mlangoni kabla ya neno lolote, kwani muuzaji wa mkate asiyesalimiwa hukuhudumia kwa uso mkavu hata ukiongea Kifaransa cha chuo. Mkahawani mkate na jagi la maji ya bomba huletwa bila malipo ya ziada mkiagiza chakula, na gharama ya huduma imo ndani ya bei. Mchana jikoni hufungwa karibu saa nane, hivyo anayetoka kasri saa tisa akitarajia mlo kamili atashindia biskuti.

Mwanzisha uzi

Angers naipokea bila ubishi. Sikuiweka kwa sababu iko magharibi kabisa na wengi hawafiki, lakini hoja ya mikanda ya tuffeau imenimaliza.

Mchangiaji kutoka Arusha

Wakuu, tuambieni na upande wa utaratibu. Je, bila gari inawezekana? Na mtu akiwa na muda wa kasri tatu tu, achague zipi?

Mwanzisha uzi

Inawezekana, na kwa baadhi ya kasri ni rahisi kuliko gari. Kaa Tours. Treni ya mwendo kasi kutoka stesheni ya Montparnasse, Paris, hufika Saint-Pierre-des-Corps kwa takriban saa moja, na kutoka hapo Tours ni jirani. Langeais, Amboise, Blois, Azay-le-Rideau, Saumur na Angers zote zinafikika kwa treni za mkoa kutoka Tours. Chenonceau ina kituo karibu kabisa na lango lake, kiasi cha nusu saa kutoka Tours. Jina la kituo na kijiji huandikwa na herufi x mwishoni, usibabaike ukiiona kwenye tiketi. Chambord haina stesheni, bali katika miezi ya utalii kuna basi kutoka Blois. Wenye miguu mizuri wanaweza kukodi baiskeli na kufuata njia ya Loire à Vélo inayoambatana na mto.

Viza ni ya Schengen, na Mtanzania au Mkenya hana njia ya kuikwepa: ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, bima ya safari isipungue kiwango cha euro 30,000, na maombi yanaruhusiwa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Usiahirishe hadi wiki za mwisho, hasa kwa safari ya Julai au Agosti. Mimi naikwepa kabisa miezi hiyo miwili, kwani foleni za Chenonceau wakati huo huharibu kila kitu nilichokisifia. Mei, Juni na Septemba ni bora, na wikiendi ya tatu ya Septemba kuna siku za urithi ambapo majengo mengi yaliyofungwa kwa kawaida huwa wazi kwa umma. Apendaye bustani aende Chaumont, ambako tangu 1992 hufanyika tamasha la kimataifa la bustani kuanzia majira ya machipuko hadi vuli, au Villandry, ambako mwanasayansi wa Kihispania Joachim Carvallo alinunua kasri mwaka 1906 na kuirudishia bustani zake kwa mtindo wa karne ya 16, kabichi na maboga yakipandwa kwa miraba na rangi zake zikipangwa.

Kwa kasri tatu, jibu langu ni Langeais, Blois na Chenonceau, halafu mlo mmoja pangoni upande wa Saumur. Najua wengi watalalamika kwamba nimeiacha Chambord. Hiyo ihifadhiwe kwa anayeweza kuipa siku nzima, afike mapema, aende moja kwa moja darini kabla ya mabasi ya wageni, na mchana achukue mkate na jibini lake akalie msituni.